Aliyepika Ndiye Ajuaye

Mama Sufuria aliambiwa akae kwenye benchi asubiri kuitwa, naye akakaa kama kuku anayetaka kutaga. Alikaa, akasimama, akaenda kusoma tangazo la chanjo ukutani, akarudi akakuta nafasi yake imeshachukuliwa na mzee mwenye mkongojo, akabaki wima. Kidole alichotobolewa alikuwa amekibana kwa pamba. Kwenye karatasi aliyoingia nayo muuguzi kule ndani palikuwa na namba moja, na Mama Sufuria hakuomba makubwa. Aliomba namba yoyote iliyo chini ya kumi. Kwa ajili ya namba hiyo alikuwa amekula majani wiki sita.

Majani ndivyo alivyoyaita yeye. Daktari alitumia maneno marefu kidogo. Alimwambia ale vitu vya shambani vikiwa bado vinafanana na vilivyotoka shambani: nafaka zisizokobolewa, maharage, dengu, viazi vitamu, mboga, matunda, njugu kidogo. Aache nyama, aache mafuta ya kukaangia, aache sukari na unga mweupe. Vidonge vyake aendelee kumeza kama kawaida. Akampa miezi mitatu. Sukari ikishuka, vizuri, na hata nguvu alizokuwa akizililia zitarudi. Isiposhuka wataanza sindano, kwa sababu mishipa ya nyuma ya macho yake ilikuwa imeshaanza kuvuja, na macho hayamsubiri mtu ajirekebishe kwa raha zake.

Hilo la macho ndilo lililomtisha. Dada yake mkubwa alikufa haoni, kwa sukari hiyo hiyo, na miaka minne ya mwisho Mama Sufuria ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka chooni. Alijua jinsi mtu anavyopapasa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Siku aliyotoka na karatasi ya daktari kwa mara ya kwanza aliapa, na yeye akiapa huwa hachezi.

"Kumi na tatu na nusu," daktari alisema alipomwita. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko mwanawe, mpole, na upole wake siku hiyo ulimuudhi Mama Sufuria zaidi ya ukali. "Wiki mbili zilizopita ilikuwa kumi na tatu. Mama, niambie ukweli. Pembeni unakula nini?"

"Nakula ninachopikiwa."

"Hakuna kingine? Hata kidogo?"

"Daktari, mimi ni mtu mzima. Nikisema sili, sili."

Na alikuwa anasema kweli kama alivyoijua. Mama Sufuria ana kasoro zake, na anayetaka kuzihesabu aje na chakula cha safarini: ulimi mkali, kiburi, kuamrisha watu hadi msibani. Lakini uongo si mojawapo. Juzi tu kwenye harusi ya jirani alikaa mbele ya sinia la kuku wa kukaanga, ngozi inameremeta, akatoa ndizi kwenye mkoba akaimenya. Shangazi wa bibi harusi akaja kuuliza kama kuna mtu amemkosea. Mtu kama huyo, aliyefaulu mtihani wa kuku, unamuuliza anakula nini pembeni?

Alitoka pale akitembea kwa kasi ya mtu aliyeibiwa. Alivuka barabara bila kuangalia, pikipiki ikampigia honi, akaitukana. Kama si mimi, alijiuliza, ni nani? Mwili haujitii sukari wenyewe. Chakula chake chote, asubuhi, mchana na jioni, kilipikwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mkwe wake.

Mkwe alikuwa mke wa mwanawe wa pekee. Mwana alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani mara moja kila wiki mbili, analala, anakula, anaondoka. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili. Mkwe alishona mapazia. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la sebuleni, na utepe wa kupimia haukuondoka shingoni mwake. Mama Sufuria aliwahi kusema huyu binti akifa atazikwa nao. Karatasi ya daktari ilipofika, mkwe ndiye aliyeichukua, akaibandika kwa pini za kushonea juu ya jiko. Tangu siku hiyo aliloweka maharage kila jioni na kuamka alfajiri kuyachemsha. Alisaga njugu akazitia kwenye dengu mahali pa mafuta. Vitunguu alivikaanga kwa maji.

"Kukaanga kwa maji?" Mama Sufuria alisema siku ya kwanza. "Hivyo vitunguu umeviogesha."

Lakini alivila, na vilikuwa vitamu. Hapo ndipo shetani alipopata mlango. Miaka ishirini na miwili kwenye jiko la kiwanda ilikuwa imemfundisha kwamba utamu una mama yake, na mama yake ni mafuta. Mchicha hauwi mtamu hivi hivi. Dengu hazilainiki ulimini kwa njugu mbili. Yeye ni mpishi, yeye haambiwi. Kadiri alivyotembea ndivyo alivyozidi kuona, mpaka alipofika mlangoni alikuwa hana tena swali. Alikuwa na mshtakiwa.

Hakuvua hata viatu. Alipita sebuleni, akafunua sufuria iliyokuwa jikoni, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole cha pili, akakiinua dirishani kutafuta mng'ao wa mafuta.

"Kumi na tatu na nusu," alisema.

Mkwe alikuwa ameshika mkasi na kitambaa cha watu. Alisimama. "Imepanda, Mama?"

"Unaniuliza mimi? Unatia nini humu?"

"Dengu, nyanya, vitunguu, njugu. Na binzari."

"Njugu hazifanyi hivi."

"Nimezisaga sana, Mama."

"Mwanangu, mimi nimepikia watu mia tatu kila siku kabla hujajua kushika kisu. Nakula kwako tu. Kazini nakula ulichonifungia. Sasa kama mimi sili kitu na sukari inapanda, tusemeje? Aliyepika ndiye ajuaye."

Mkwe aliweka mkasi mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kwamba ataurusha. Upole ule, badala ya kumtuliza Mama Sufuria, ulimpandisha hasira. Akatoa simu papo hapo akampigia mwanawe. Alimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Alimwambia kuna watu humu ndani wanamwonea huruma ya kijinga, au si huruma, yeye hajui, Mungu ndiye anayejua, ila mafuta yanaingia kwenye chakula chake na macho ndiyo yanaondoka. Mwana alikuwa barabarani, amechoka, na injini inanguruma. Akasema apewe mke wake.

Alichosema mwana, Mama Sufuria hakukisikia. Alimwona tu mkwe amesimama na simu sikioni kwa muda mrefu, utepe unaning'inia pande zote mbili za shingo. Alisema "Sawa" mara mbili, akairudisha simu.

"Mama," mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa kavu, "jiko langu ni hili hapa. Fungua makabati, pekua na chini ya kitanda changu. Ukiona chupa ya mafuta, sitasubiri kufukuzwa. Lakini na wewe una jiko lako."

"Kazini sili!"

"Sijasema unakula. Nasema tupime." Alichukua bakuli kubwa la bati lenye kifuniko, lile la kutunzia maharage yaliyolowekwa, akalikausha kwa kitambaa. "Chakula nitakachokufungia usikihesabu. Ila kila kingine kitakachopita mdomoni mwako kesho, hata kama ni tone, mtu akuchotee kingine kiasi hicho hicho akimimine humu. Jioni uniletee. Likirudi tupu, nitapiga magoti nikuombe radhi mbele ya mume wangu."

"Litarudi tupu," Mama Sufuria alisema. "Na magoti utapiga."

Asubuhi alikwenda kazini na bakuli kwapani kama mtu anayekwenda kuchota haki yake.

Kiwanda kilikuwa cha magodoro. Wafanyakazi mia tatu, walioingia kula kwa zamu mbili, na nyuma ya dirisha la kugawia chakula kulikuwa na jiko lake: sufuria nne ambazo ungeweza kumwogeshea ndama, miiko mirefu ya mbao, sakafu ya saruji isiyokauka. Msaidizi wake aliitwa Mizani. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, aliyewahi kupima mizigo ghalani miaka mingi mpaka wakaleta mashine ya kupima yenyewe, akahamishiwa jikoni. Mizani hakuwa na mzaha mwilini mwake. Ukimwambia vikombe sita vya chumvi, angevisawazisha kwa kisu kimoja kimoja.

"Leo una kazi ya ziada," Mama Sufuria alimwambia. "Kila kitakachopita mdomoni mwangu, isipokuwa chakula nilichofungiwa nyumbani, chota kiasi hicho hicho utie humu. Hata nikimeza nzi, tia nzi."

"Nzi wa ukubwa gani?" Mizani aliuliza.

"Nenda kawashe moto."

Chai ya maziwa ya zamu ya asubuhi ilikuwa imeanza kufura. Mama Sufuria aliikoroga, akachota kwa kijiko kikubwa, akapuliza, akanywa, akasikiliza ulimi wake. Akaongeza sukari. Akanywa tena. Safi. Akageuka kuchukua vitunguu, na nyuma yake akasikia kitu kinamiminwa kwenye bati. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

"We! Unafanya nini?"

"Vijiko viwili vya chai," Mizani alisema.

"Sijanywa chai. Nimeonja."

"Umesema kitakachopita mdomoni."

"Kuonja si kula, Mizani! Mtu akila anakaa. Anashika sahani. Mimi hapa nimekaa?"

Mizani alifikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Nikitoe?" aliuliza. "Maana kimeshapita."

Mama Sufuria alifungua mdomo, akaufunga. Alitaka kusema kitoe. Lakini alikuwa amesema kila kitakachopita mdomoni, na mkwe alikuwa amesema hata tone, na neno la mtu ni neno. Vijiko viwili vya chai vitamfanya nini? Bakuli lingerudi na tone la chai chini, angelieleza, wangecheka. "Acha," alisema. "Fanya kazi yako."

Sasa katika jiko lile kulikuwa na sheria, na aliyeiweka ni yeye. Miaka ya nyuma, mpishi aliyemtangulia alitoa maharage yaliyoungua, wafanyakazi wakaweka sahani chini na mashine zikasimama nusu siku. Tangu alipokabidhiwa mwiko, hakuna sufuria iliyotoka kwenda dirishani kabla hajaionja yeye kwa mdomo wake. Mchuzi wa nyama alionja vitunguu vilipoiva, alionja nyanya zilipovunjika, alionja tena nyama ilipoingia. Nyama nayo huwezi kujua imeiva mpaka utafune kipande, na kipande cha juu hakisemi habari za kipande cha chini, kwa hiyo alitafuna viwili. Kuku wa meza ya wakubwa alinyofoa paja. Viazi vya kukaanga alionja kimoja kwa kila karai, na makarai yalikuwa saba. Wali alichota wa kando na wa katikati. Juisi ya wakubwa, sukari imetosha? Bado. Na sasa? Mkono ulikwenda mdomoni wenyewe, kama mkono wa mtu anayejikuna, na kila ulipokwenda Mizani alikuwa nyuma yake na kijiko cha ukubwa ule ule.

Kufikia saa nne alianza kumchukia. Alimtuma stoo kuleta chumvi iliyokuwepo tayari. Mizani alikwenda, akarudi, akauliza, "Nilipokuwa stoo umeonja?"

"Mara mbili," Mama Sufuria alisema kwa uchungu, maana uongo haumo ndani yake. "Mchuzi."

Akachota mara mbili.

Alikuwa hatulii. Alikwenda kwenye sinki akanawa, akarudi kwenye sufuria, akakumbuka kitu, akakisahau, akapiga kelele kuhusu kifuniko. Hakutaka kugeuza kichwa upande wa meza lilipokuwa lile bakuli. Alijiambia haligeukii kwa sababu hana muda. Mimi nakuambia aliogopa. Alianza kusikia jinsi mlio wa kumimina ulivyobadilika: asubuhi ulikuwa unalia juu ya bati, sasa ulikuwa mzito, kitu kinaangukia juu ya kitu.

Saa sita kasoro, Mizani alikohoa.

"Mama, limejaa."

"Nini kimejaa?"

"Bakuli. Nichukue lingine?"

Hapo aligeuka. Mafuta yalikuwa yameganda juu, rangi ya chungwa, na chini yake viazi vilikuwa vimelala katika mchuzi na chai ya maziwa, na wali umevimba, na kipande cha paja la kuku kimechungulia. Bakuli lile lingeshibisha wanaume wawili wanaobeba magodoro. Na zamu ya pili ilikuwa haijapikiwa.

"Haba na haba..." Mizani alianza.

"Nyamaza!"

Mama Sufuria alikaa juu ya gunia la unga, mtu asiyekaa kazini. Alikuwa anakumbuka siku za mapumziko. Kila Jumapili kwa wiki hizi sita aliamka mwepesi, akafua mashuka, akapanda ngazi za kanisani bila kushika ukuta, akasema ni kupumzika tu. Jumatatu jioni miguu inarudi kuwa magogo, akasema ni uzee. Siku sita kwa wiki alikuwa akimpa mkwe wake mwili alioushindilia nyama na sukari tangu alfajiri, halafu akimwambia autibu kwa dengu.

Aibu ilimpanda. Ya bakuli haikuwa kubwa. Bakuli angeweza kulimwaga. Aibu ilikuwa ya simu. Alikuwa amemwambia mwanawe maneno yale, na maneno yale sasa yalikuwa barabarani yanasafiri.

Sufuria ya mwisho ya mchuzi iliiva kwa ajili ya zamu ya pili. Watu walikuwa wameshapanga mstari, sahani zinagongana. Mizani alisubiri na vijiko viwili, cha Mama na cha bakuli. Mama Sufuria alichota, akakiinua, akakiona kijiko. Alikuwa hajawahi kukiona, miaka yote ile. Kilikuwa kimejaa mafuta mpaka ukingoni. Akakirudisha.

"Onja wewe."

"Mimi?"

"Una ulimi, huna?"

Mizani alionja kwa heshima zote. Alisimama akitazama dari.

"Enhe?"

"Ni mchuzi," Mizani alisema.

"Chumvi imekaaje?"

"Ipo."

Ukatoka hivyo hivyo. Mama Sufuria alisimama nyuma ya dirisha, mikono ikijikunja kwenye aproni, akisikiliza vijiko. Mkata sponji mmoja, mlafi ambaye Mama Sufuria alimjua tangu alipoajiriwa, alitia tonge mdomoni, akalitafuna polepole, akainamia dirisha.

"Jamani, leo Mama Sufuria hayupo?"

"Yupo," Mizani alisema.

Alikuwepo, hatua mbili kutoka kwake. Hakuna aliyewahi kumwambia neno lililomchoma vile. Kwa mara ya kwanza aliona pande zote mbili za shimo alimokuwa amesimama: huku macho, huku jina lake. Na kesho kutapambazuka, na sufuria zitakuwa nne, na zote zitataka kuonjwa.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Jiko lilikuwa baridi, maharage hayajalowekwa, karatasi ya daktari peke yake ukutani. Mlango wa chumba cha mkwe ulikuwa wazi, na juu ya kitanda palikuwa na begi lenye nguo chache zilizokunjwa vizuri. Mkwe mwenyewe alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani.

Mama Sufuria aliweka bakuli kwenye meza ya kukatia vitambaa. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Yalikuwa mazuri, yalianza na "unajua, mwanangu, kazi ya mpishi". Yote yakamkimbia.

"Fungua," alisema.

Mkwe alifungua. Harufu ilitoka. Alitazama ndani kwa muda.

"Hiki cha nani?"

"Changu. Lilijaa saa sita. Siku nyingine na cha mchana huongezeka."

"Ulikula hivi vyote?"

"Nilionja."

Alijitayarisha kuchekwa. Alijitayarisha kutukanwa pia, na hilo angelistahimili vizuri zaidi. Mkwe hakufanya yote mawili. Alirudisha kifuniko, akakibana kwa viganja viwili kama mtu anayezuia kitu kisitoke, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Nilianza kunawa mara mbili kabla ya kukupikia," alisema. "Tangu ile kumi na tatu ya kwanza. Nilisema labda mikono yangu ina mafuta siyaoni. Nikaacha kukaanga hata yai langu, Mama, nikala kama unavyokula wewe, ili chombo kisichanganyike na chombo. Nikipika nilikuwa nahesabu kwa sauti nilichotia, peke yangu, kama mwendawazimu. Jana uliposema, nilikaribia kuamini. Nilisema huenda ni mimi kweli."

Mama Sufuria alisimama hajui aweke wapi mikono yake.

"Na mwanangu alikwambia nini?"

"Usiulize."

"Nauliza."

Mkwe alijifuta kwa ncha ya utepe. "Aliniuliza kama nataka mama yake apofuke ndipo nyumba iwe yangu."

Hayo hayakuwa maneno ya Mama Sufuria, lakini mbegu yake aliijua. Alikuwa ameipanda jana, amesimama pale pale, na viatu miguuni. Alitoa simu. Mwana alipopokea, alibonyeza sauti itoke nje.

"Mama? Kuna nini?"

"Umesimama au unaendesha?"

"Nimesimama. Tunashusha mzigo."

"Basi sikiliza. Jana nilimsingizia mkeo. Hatii kitu kwenye chakula. Ni mimi. Nilikuwa nashindilia nyama na sukari kazini tangu asubuhi mpaka mchana, kijiko kwa kijiko, na kwa ujinga wangu nikaona sijala. Umesikia?"

"Mama, subiri, unasemaje..."

"Umesikia au hujasikia?"

"Nimesikia."

"Kuna neno ulimwambia jana. Utarudi ulitoe mwenyewe, kwa mdomo wako, uso kwa uso. Siyo kwa simu. Mimi langu nalitoa sasa." Akakata kabla hajajibiwa, akaiweka simu juu ya bakuli.

Alimgeukia mkwe. Miaka tisa wameishi nyumba moja, na neno hilo halikuwa limewahi kutoka upande wake kwenda upande ule.

"Nisamehe, mwanangu."

Mkwe hakusema nimekusamehe. Alikuwa anatazama mlango wa chumba chake.

"Sijapika leo," alisema hatimaye.

"Nimeona."

"Na sijasema kwamba siondoki."

"Nimesikia. Ukienda, nenda umeshiba. Nipishe jikoni."

Hakukuwa na maharage yaliyolowekwa, lakini dengu haziringi. Mama Sufuria alizichagua mawe akizisogeza karibu na macho, akaziosha, akaziinjika. Alisoma karatasi ya ukutani mstari kwa mstari, midomo inacheza. Alikata vitunguu, akavitia kwenye sufuria na maji kidogo, mwili mzima ukimkataza, akavikoroga mpaka vikaanza kunukia kama vitunguu vya watu. Aliponda njugu. Nyuma yake alisikia kiti kinasogezwa. Mkwe alikuwa amekuja kusimama mlangoni.

"Kesho kazini utafanyaje?"

"Nitamfundisha Mizani kuonja."

"Yule? Ataweza?"

"Hataweza. Watalalamika, wataniita majina, meneja ataniita ofisini." Aliendelea kukoroga. "Naogopa, mwanangu. Nikiacha kuonja mimi ni nani pale? Na nisipoacha, nitaishia kama dada yangu. Tangu mchana nazunguka na jambo hili, sipati pa kuliweka."

Dengu zilianza kuchemka taratibu. Mama Sufuria alichota kwa kijiko, akapuliza, na mkono ukapanda mdomoni kwa njia yake ya siku zote. Chakula hiki kilikuwa halali yake, daktari mwenyewe asingesema neno. Lakini kijiko kilisimama hewani. Akakigeuza, akakipeleka mlangoni.

"Onja."

Mkwe alikitazama kijiko, akamtazama Mama. Akaonja. Alifumba macho, akazizungusha dengu ulimini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Mama Sufuria akahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Bado," mkwe alisema. "Ndimu imepungua. Na umeharakisha njugu, zinataka moto mdogo."

Miaka ishirini na miwili hakuna aliyemwambia bado. Neno la kujibu lilimfika kooni, kali, limeiva. Alilimeza. Akakata ndimu, akapunguza moto, akafunika sufuria, akasimama kando ya jiko akisubiri kuambiwa.